Kibuyu cha Mughwai

Sura ya Nne

"Rudia," alisema Sajini Zefania.

"Thelathini na tatu," alisema Luciana.

"Na hao walio hai?"

"Bonifasi nane." Luciana aligeuka kutazama mlango wa darasa, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na yeye ndiye aliyeufunga. "Leonidas hana."

"Hana nini?"

"Hana mbegu. Kibuyu chake kilikuwa kitupu, Bwana Sajini. Tulikipindua, tukakigonga. Kilitoa vumbi tu."

Sajini Zefania aliandika tarakimu tatu kwenye daftari lake, moja chini ya nyingine, akazitazama kama mtu anayetazama mchuzi ulioingia nzi. Katika miaka saba ya upolisi alikuwa ameona watu wakimchagua mlevi, wakimchagua mwizi, na kijijini kwao Uniramba waliwahi kumchagua mjomba wake, ambaye alikuwa vyote viwili. Mtu aliyezikwa akichaguliwa alikuwa bado hajamwona.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chama cha Vijana wa Kujitolea cha Ihanja kilikuwa kinachimba kisima, na kila mwaka kilichagua kiongozi. Hakulipwa hata senti. Alipata lawama tu, tena kwa wingi. Mwanachama yeyote husimama akataja jina, wawili wakiliunga mkono jina linaingia, na likishaingia halitoki ila kwa kinywa cha mwenye jina. Mwaka huo wa 1956 yaliingia majina matatu: Mughwai, Bonifasi na Leonidas. Siku ya sita Mughwai alianguka kisimani akafa. Kamba ilikuwa ya Bonifasi, na ncha yake ilikuwa imekatwa kwa kisu. Siku ya nane Bonifasi akatiwa mahabusu. Siku ya kumi na mbili ikafika kura, na majina yalikuwa bado matatu. Mmoja hakuwa na kinywa tena cha kujitoa. Mwingine, alipoulizwa kupitia dirisha la mahabusu, alijibu kwamba yeye hajafa.

Kwa hiyo Luciana, katibu wa chama, aliweka vibuyu vitatu ndani ya stoo. Kila mwanachama alipewa mbegu moja ya nyonyo, akaingia peke yake, akatumbukiza, akatoka. Watu arobaini na mmoja, mbegu arobaini na moja.

"Nani aliyehesabu?"

"Mimi na mwalimu wa shule hii. Hatutangazi idadi, tunatangaza jina tu. Anayeshindwa asije akaaibika."

"Kwa hiyo Leonidas hajui kwamba ana sifuri?"

"Nani angemwambia? Mimi?"

Sajini alifunga daftari. Saa yake ilisema saa nne na nusu. Saa kumi lori la serikali lingepita Ihanja, nalo lingempeleka Bonifasi bomani Singida akiwa na karatasi za mauaji, na karatasi za namna hiyo zikishafika bomani hurudi kwa nadra sana, na mwenyewe kwa nadra zaidi. Bwana Inspekta alikuwa amemtuma Zefania azinyooshe karatasi hizo. Hakuwa amemwambia anyooshe kitu kingine.

"Wanasema ni yeye," Luciana alisema polepole.

"Nani?"

"Mughwai. Kwamba alikuja akajipigia kura." Hakutabasamu. "Alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi akichimba. Tangu azikwe, kisima kinapiga mluzi. Mchana kweupe, watu wakiwa macho. Hakuna anayekwenda kule ila mama yake."

Upepo ulipita juu ya bati la darasa. Kutoka mbali, upande wa mashamba ya uwele, ilisikika sauti moja nyembamba, ndefu, kama ya mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Luciana aliishika meza.

"Upepo ukipita juu ya chupa hulia hivyo hivyo," alisema Sajini.

"Ndiyo, Bwana Sajini. Chupa haishindi uchaguzi."

*

Aliwaita mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Dina, msichana mwenye sauti ya kanisani.

"Ulimpa nani mbegu yako?"

"Ni siri."

"Ni siri. Ulimpa nani?"

Dina aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Mughwai. Lakini mimi peke yangu, Bwana Sajini! Niliona mama yake amekaa pale nje. Nikasema, vibuyu vikifunguliwa, cha mwanawe kikutwe hakina hata moja? Nikampa moja tu. Ya heshima."

"Hukuogopa Leonidas atakosa?"

"Akose vipi? Mmoja kaburini, mmoja mahabusu. Leonidas alikuwa ameshashinda. Mbegu yangu angeifanyia nini?"

Wa pili alikuwa Philipo, mtu wa mabega mapana. Alitazama dirishani kwanza. "Nikikwambia hutawaambia wenzangu? Watanicheka. Nilimpa marehemu. Moja, ya kumsindikiza. Leonidas alikuwa na zake nyingi."

Wa tatu alisema alikuwa peke yake. Wa nne pia alikuwa peke yake. Wa tano alilia kidogo, akasema yeye peke yake katika kijiji kizima ndiye aliyemkumbuka yule mama. Hadi saa sita Sajini Zefania alikuwa ameandika watu kumi na wanane waliokuwa peke yao, akaona hakuna haja ya kuendelea. Hakuna mzimu ulioingia ndani ya ile stoo. Waliingia watu wema thelathini na kitu, kila mmoja na huruma yake mkononi, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye atakayefanya uchaguzi.

Lakini tarakimu moja ilikataa kukaa. Aliita Leonidas.

Leonidas alikuwa mtunza vifaa wa chama, kijana mrefu, shati limepigwa pasi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliamkia kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Pole kwa kushindwa," alisema Sajini.

"Ndiyo uchaguzi, Bwana Sajini."

"Na wewe uliingia stoo ukapiga kura?"

"Niliingia."

"Ukampa nani?"

"Ah." Leonidas alicheka bila sauti. "Mgombea atampa nani? Nilijipa mwenyewe."

"Ukaitia kwenye kibuyu chako kwa mkono wako?"

"Kwa mkono huu."

Sajini aliutazama mkono. Kisha akauliza jambo jingine kabisa, kwa sauti ileile. "Nasikia umependekeza kisima kifukiwe."

"Jumatatu tunaanza kukitia mawe. Kiongozi hafungui kazi, sasa kazi itafanyikaje?"

"Kufungua kazi ndiyo nini?"

"Aliyeshinda hupewa kibuyu chake. Kesho yake hushuka kisimani kwanza, peke yake, wenzake wote wakitazama, achimbe karai la kwanza. Kabla yake hakuna anayeshuka." Alinyoosha ukosi wa shati. "Na aliyeshinda hawezi kushuka."

"Siku ile, nani alishuka kuutoa mwili?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Wenzangu waliogopa. Walifunganisha kamba za ng'ombe za majirani, nikashuka."

"Ulikuwa na moyo," alisema Sajini, akamruhusu aende. Kwenye daftari, chini ya sifuri, alipiga mstari mmoja, akaukoleza mpaka kalamu ya risasi ikavunjika ncha.

*

Mahabusu ya baraza ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye dirisha la ukubwa wa sahani. Bonifasi alikuwa amejilaza juu ya mkeka, miguu ukutani.

"Bwana Sajini! Nimeshinda?"

"Umeshindwa na marehemu."

"Basi sina aibu. Mughwai alikuwa ananishinda hata akiwa mzima." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani, akakaa. "Lori linakuja kweli?"

"Saa kumi. Kamba ni yako?"

"Yangu. Ngozi ya dume letu, niliisuka mwenyewe."

"Siku ile uliipeleka kisimani wewe?"

"Mimi? Ile niliwaazima mwaka jana, tulipokuwa tunapandisha magogo ya paa la stoo. Sikuichukua tena. Siku ile nimefika kisimani, Mughwai yuko chini anapiga mluzi wake. Leonidas akaniambia nenda stoo ulete karai jingine. Nikiwa narudi nikasikia mluzi umekatika." Alitazama miguu yake. "Kwanza mluzi, halafu kelele."

"Kamba ina urefu gani?"

"Pima tano."

"Kamili?"

"Tano zangu mimi. Nilipima kwa mikono hii."

"Askari waliokukamata hawakukuuliza urefu?"

"Waliniuliza jina la babu yangu."

Kamba yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya ofisi ya baraza, na kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Sajini Zefania aliishusha, akasimama katikati ya chumba akatanua mikono kama mtu anayekumbatia ng'ombe, akapima. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ikabaki kidogo. Aliita Luciana aliyekuwa akingoja nje.

"Kisima kina kina gani?"

"Pima tisa. Tulipima siku ya mapendekezo."

"Hii ina nne na nusu."

Luciana aliitazama. "Si imekatwa? Nyingine ilianguka naye."

"Nyingine ya nini? Ilikuwa tano. Imepungua nusu pima. Mtu ameshukaje kwenye shimo la pima tisa kwa kamba ya pima tano, hata kama ana miguu mirefu?"

Wote wawili walisikia mluzi, safari hii mrefu zaidi, ukipanda mwishoni kama swali.

"Chama hakina kamba yake?" aliuliza Sajini.

"Ipo. Ya pima kumi na mbili, tulipewa na misheni. Ipo stoo."

Ilikuwepo, kweli, imeviringishwa vizuri juu ya majembe. Sajini aliichukua akainusa. Akanusa tena. Akampa Luciana anuse, naye akarudisha kichwa nyuma.

"Dagaa!"

"Kisima chenu kina dagaa?"

Ihanja nzima mtu mmoja tu aliuza dagaa, naye duka lake lilikuwa kando ya barabara kuu. Mzee Mselemu aliwapokea kwa salamu ndefu zilizoanza na afya na kuishia na mvua. Sajini alizimaliza zote, maana kwa mtu wa makamo yake huwezi kuruka hata moja.

"Mzee, uliazima kamba ya chama?"

"Niliazima, mwanangu. Kufungia magunia yangu kutoka stesheni ya Itigi. Nimewarudishia siku ya maziko, na asante nikasema."

"Nani alikuazima?"

"Huyo kijana wao, Leonidas. Mwaka jana nilimwomba akanitolea macho, mali ya chama haitoki. Mwaka huu hata sijamaliza kusema amekwishanibebea begani." Mzee alipangusa mizani. "Wanangu wawili ni wanachama. Mtu akigombea, Bwana Sajini, hukumbuka kwamba nyote ni ndugu zake."

"Ulipangiwa kuirudisha lini?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya mizani. "Jumanne." Alihesabu kwa midomo. "Gari liliharibika njiani kutoka Itigi. Nililala huko siku mbili." Alimtazama Luciana, kisha Sajini, na uso wake ukaanza kubadilika. "Yule kijana alianguka siku gani?"

"Jumatano," alisema Luciana.

Mzee Mselemu alikaa juu ya gunia la chumvi. Hawakumwuliza zaidi.

*

Ilipofika saa nane na nusu wanachama wote walikuwa kisimani, au tuseme karibu na kisima, maana walisimama mbali kiasi cha hatua thelathini, wakiwa wamesongamana kama kondoo wakati wa mvua. Hapakuwa na wingu hata moja. Jua lilikuwa limemulika kila kitu: rundo la udongo mwekundu, gogo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, na Mama Kristina, mama yake Mughwai, aliyekaa chini kando ya gogo hilo miguu amenyoosha, kibuyu cha ushindi mapajani. Kila baada ya muda alikitikisa kidogo. Mbegu thelathini na tatu zilijibu.

"Shikamoo, mama," alisema Sajini Zefania, akavua kofia.

"Marahaba." Alikuwa na sauti kavu. "Wewe ndiye uliyekuja kuuliza nani alimchagua mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Umepata?"

"Wote."

Alikitikisa kibuyu. Upepo ulikuja kutoka upande wa miamba, ukapita juu ya shimo, na shimo likapiga mluzi. Kundi zima lilirudi nyuma hatua moja. Mama hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Leonidas," aliita Sajini. "Njoo. Hii hapa kamba ya chama. Ifunge kwenye gogo, ushuke."

Leonidas alikuja mpaka nusu ya njia. "Hakuna anayeshuka kabla ya kiongozi."

"Wewe ndiye mgombea pekee aliye huru."

"Sishuki."

"Siku ile ulishuka."

"Siku ile..." Shati la pasi lilikuwa limemganda mgongoni. "Siku ile alikuwemo. Nilijua yuko wapi."

"Na leo?"

Shimo lilijibu badala yake, mluzi mfupi.

Sajini Zefania alivua viatu vya serikali, ambavyo vilikuwa vidogo kwa namba moja na alikuwa akitafuta sababu ya kuvivua tangu asubuhi. Alifunga kamba mwenyewe, akavuta, akafunga tena. Mama Kristina aliinuka akaja kukaa juu ya gogo, pale pale palipokuwa na fundo.

"Shuka," alisema. "Mimi nimekaa hapa. Halifunguki."

Alishuka. Udongo mwekundu ulipita mbele ya pua yake, kisha wa kijivu, kisha wenye kokoto. Kichwa kilipopita usawa wa ardhi ule mluzi ulinyamaza kabisa, na alitaka kujiambia kwamba hilo ndilo jambo la kawaida, kwamba ukiwa ndani ya chupa huwezi kuisikia chupa. Alijiambia. Kadiri alivyoshuka baridi iliongezeka. Kwenye pima ya tano alisimama, akaangalia chini. Bado palikuwa na giza la pima nne, refu kama nyumba mbili. Kamba ya pima tano ingeishia hapa; ya kufika chini ilibidi iungwe na nyingine, na fundo la kuungia lingekuwa hapa hapa. Mtu anayepanda angelikanyaga kama ngazi, akalitwisha uzito wake wote.

Chini palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na kivuli chake. Sururu ilikuwa bado imelala, mpini juu. Juu, mdomo wa kisima ulikuwa sahani nyeupe, na katikati ya sahani hiyo mguu mmoja wa Mama Kristina. Alisikia mbegu zikitikisika. Kisha akasikia, karibu sana na sikio la kushoto, mtu akivuta pumzi ya kuanza kupiga mluzi.

Aligeuka. Ukuta wa udongo.

Alihesabu hadi kumi, hesabu ya kipolisi, akainama afanye kazi iliyomleta. Mawe yote ya chini wachimbaji huyatoa kwa karai. Haya matatu yalikuwa yamepangwa pembeni, moja juu ya jingine, na mtu mwenye haraka lakini nadhifu. Aliliondoa la kwanza. La pili. Chini ya la tatu mkono wake ulizama kwenye tope mpaka kiwiko na kukutana na kitu kilichojikunja. Alivuta. Kikaja kirefu, kizito, cheusi: kamba ya katani iliyochakaa, pima nne na zaidi. Nyuma yake kikaja kipande kifupi cha kamba ya ngozi, nusu pima, kimejipinda bado kwa umbo la fundo ambalo halikuwepo tena.

Na nyuma ya vyote viwili, bila kuvutwa na mtu, yakaja maji. Yalimzunguka vidole vya miguu, baridi, taratibu.

*

Aliviweka juu ya nyasi mbele ya wote. Luciana alikuwa ameleta ile kamba ya msumarini. Sajini aliunganisha ncha iliyokatwa na kile kipande kifupi. Nyuzi za ngozi zilikaa pamoja kama meno ya juu na ya chini.

"Kamba inayokatwa ina ncha mbili," alisema. "Polisi tulichukua moja tukaridhika. Kamba nzuri ya chama iko njiani na dagaa. Asubuhi wachimbaji wanangoja. Mtunza vifaa hataki kusema ameiazima mali ya chama kwa ajili ya kura mbili. Anachukua ya Bonifasi, anaiunga na katani ya zamani. Fundo linafunguka. Aliyelifunga ni mmoja tu, na ngozi imebaki na mkunjo wake, kwa hiyo anakata pale lilipokuwa, anakitupa kipande shimoni, na anashuka kwanza, akilia, ili akizike kabla hatujamzika mwenye mwili. Nimekosea wapi, Leonidas?"

Leonidas alikuwa anatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye katani.

"Nililia kweli," alisema.

"Sijasema hukulia."

"Sikumwua. Lilifunguka. Nililikaza, Mungu anajua, nililikaza." Alikaa chini pale aliposimama. "Nilidhani Bonifasi watamwuliza maneno wamwachie. Kesho yake nikasema nitasema kesho. Halafu kikaanza kupiga mluzi."

"Ukaniambia mbegu yako umejipa mwenyewe."

"Nilimpa yeye." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilijua nimeshashinda, kila mtu alijua. Nikasema yangu moja iwe yake. Nimwombe radhi. Umejuaje?"

"Kila mtu alijua umeshinda," alisema Sajini Zefania. "Kwa hiyo hakuna aliyekupa hata moja."

Watu walitazamana. Dina alimtazama Philipo, Philipo akamtazama jirani yake, kila mmoja akigundua idadi ya wenzake waliokuwa peke yao.

Honi ililia barabarani. Lori lilikuwa limewahi. Askari wa baraza alikuja na Bonifasi, pingu mikononi, nywele zina nyasi za mkeka. Sajini alizifungua, na zilikuwa bado na joto la mikono ya Bonifasi alipomfunga nazo Leonidas. Bonifasi aliangalia zile kamba tatu juu ya nyasi kwa muda mrefu, akainama, akaokota kile kipande kilichojipinda, akakinyoosha kwa vidole. Kilirudi kujikunja.

"Angeniuliza mimi," alisema. "Ngozi na katani haziungwi hivi. Ningemfungia."

Ni Mama Kristina aliyewazuia wasiondoke. Alikuwa amemimina mbegu zote kwenye pindo la kanga yake, akafunga. Alimpa Philipo kibuyu kitupu, na Philipo, ambaye asubuhi asingekaribia mahali pale hata kwa kulipwa, alikifunga kwenye kamba ya chama akakitelemsha. Kilipanda kimejaa maji mekundu mazito kama uji.

"Kazi imekwisha funguliwa," mama aliwaambia vijana. "Mliyemchagua alishashuka kwanza. Tena alishuka kabla hamjamchagua. Jumatatu mtachimba."

Kisha akamwendea Leonidas. Alikuwa mwanamke mfupi. Ilibidi ainue uso. Alimwekea kibuyu kati ya mikono iliyofungwa.

"Kunywa."

"Mama..."

"Ulimpa mbegu yako. Ni kiongozi wako huyo. Kunywa."

Honi ililia tena. Leonidas aliinua kibuyu kwa mikono miwili, minyororo ikigongana na gamba lake, akanywa, na maji mekundu yakamtiririka kifuani juu ya shati la pasi. Alikunywa chote. Upepo ulikuja kutoka kwenye miamba, mkali kuliko ule wa mchana, ukainamisha uwele, ukarusha kofia ya Sajini Zefania hadi ukingoni mwa kisima, ukapita juu ya mdomo wa shimo.

Wote walingoja.

Kisima kilinyamaza.